Fogerty na kifungu cha saba

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga gitaa wa roki alipanda ngazi hadi ofisini kwangu, karibu na River Road, akiwa na mkataba wa kurasa nne. Bendi yake imeanza kujulikana katika kumbi za Westlands na amepata kampuni inayotaka kumrekodi. "Mzee, niangalizie tu asilimia," akaniambia. Asilimia zilikuwa nzuri. Kilichonikera ni kifungu cha saba: kampuni itamiliki nyimbo zenyewe pamoja na rekodi zake, milele. Nikaiweka kalamu chini, nikaanza kumsimulia habari za John Fogerty. Nimezisimulia mezani hapa mara nyingi, kwa hivyo leo naziandika.

Fogerty alizaliwa mwaka 1945 huko Berkeley, California. Bendi yake, Creedence Clearwater Revival, ilitoa albamu tatu katika mwaka mmoja, 1969. Nyimbo karibu zote alitunga yeye, akaziimba yeye, gitaa la kuongoza akapiga yeye. Kaka yake Tom alijiondoa mwaka 1971, na kufikia Oktoba 1972 bendi ilikuwa imevunjika. Wengi wakieleza anguko lake huanzia kwenye ugomvi huo wa ndugu. Ugomvi ulikuwepo, tena mchungu. Lakini bendi ngapi zimegombana na mtunzi wake akaendelea kula jasho lake? Yeye alikuwa amefungwa na mkataba wa Fantasy Records, uliokuwa ukimdai albamu zaidi hata baada ya bendi kufa. Ili aachiliwe, ikabidi aachie mirabaha yake ya uimbaji, yaani fungu lake la mapato, katika rekodi za Creedence. Haki za utunzi zilikuwa mikononi mwa kampuni tangu zamani.

Hapa ndipo vijana wengi wananipotea. Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi yake, hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Ya pili ni ile rekodi yenyewe, ambayo wanamuziki wetu huiita masta. Ndiyo maana hapa Kenya vyama vya kukusanya mirabaha vilikuwa vimegawana kazi: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi baada ya mwaka aliofariki. Kijana wa miaka 24 akiuza utunzi leo, anauza chakula cha wajukuu wake.

Na ukishauza, wimbo wako unaweza kurudi kukushtaki. Sisemi kwa mafumbo. Mwaka 1985, baada ya kimya cha miaka kadhaa, Fogerty alitoa albamu aliyopiga ala zote peke yake, na ikafika nambari 1 Marekani. Fantasy wakaenda mahakamani wakidai kwamba wimbo mmoja wa humo, "The Old Man Down the Road", ni "Run Through the Jungle" ya mwaka 1970 iliyovishwa maneno mapya. Nyimbo zote mbili alizitunga yeye. Lakini ule wa zamani ulikuwa mali yao, basi akawa anashtakiwa kwa kujiiga mwenyewe. Mwaka 1988 alipanda kizimbani San Francisco na gitaa lake, akawapigia jopo la raia walioketi kuamua, akawaonyesha jinsi mtunzi anavyobaki na mkono wake hata akitunga kitu kipya. Akashinda. Kisha ikabaki vita ya nani alipe gharama za mawakili, nayo ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1994 kwamba mshtakiwa aliyeshinda apimwe kwa kipimo kilekile cha mshtaki. Uamuzi huo bado unatajwa katika kesi za hakimiliki. Mimi kila nikiusoma nahesabu miaka: kutoka 1985 hadi 1994, mtu anatetea sauti yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya pesa. Kwa miaka mingi alikataa kuziimba nyimbo za Creedence jukwaani, kwa sababu ya uchungu. Mwenyewe husimulia kwamba mwaka 1987, katika klabu moja Los Angeles, Bob Dylan alimwonya kuwa asipoimba "Proud Mary" watu watadhani ni wimbo wa Tina Turner. Dylan alikuwa sahihi hata kwa Nairobi. Nenda harusi yoyote unakopigwa wimbo huo, uliza ni wa nani.

Mwaka 2004 kampuni ya Concord iliinunua Fantasy, ikamrudishia mirabaha aliyoiachia. Januari 2023, akiwa na miaka 77, akanunua sehemu kubwa ya haki za utunzi wa nyimbo zake. Masta hazikurudi. Kwa hiyo aliingia studio na wanawe, akarekodi upya nyimbo 20 za ujana wake, albamu ikatoka 2025. Hilo la kurekodi upya nalo liangalie katika mkataba wako. Kampuni nyingi huweka kifungu kinachokuzuia kwa miaka kadhaa, na mara nyingi hukizika kurasa za mwisho, baada ya habari za usafiri na hoteli.

Kijana alisikiliza yote hayo bila kugusa chai yake. Tukaandika pendekezo: rekodi ziwe za kampuni kwa miaka 10, utunzi ubaki wake, na kurekodi upya kuruhusiwe baada ya miaka mitano. Jana wamejibu. Utunzi wameuachia. Miaka 10 wanataka iwe 25, na kijana amenipigia simu mara tatu akiuliza kama akubali, maana studio imeshawekwa nafasi Jumatatu. Nimemwambia aje kesho saa nne asubuhi, aje na mpiga ngoma wake, kwa sababu nyimbo mbili kati ya hizo walitunga pamoja, na jina la mpiga ngoma huyo halimo mahali popote katika kurasa zote nne.