Umeongeza diski ya VM lakini df bado inasoma vilevile?

Swali hili halinipiti wiki: mtu ana seva ya Linux ndani ya VM (mashine pepe, yaani kompyuta ya kisoftwea ndani ya kompyuta nyingine), kaongeza diski kutoka GB 40 kwenda 80, kawasha, kapiga df -h (amri ya kuangalia nafasi ya diski), namba zilezile, sasa anauliza GB zake zimeenda wapi. Hazijaenda popote wakuu, zipo, ila ulichopanua ni diski tu, na juu ya diski kuna patisheni (kipande cha diski), juu ya patisheni mara nyingi kuna LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski), halafu ndo unakuta faili sistemu (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), na hakuna hata mmoja hapo anayejua kwamba huko chini kumepanuka mpaka umwambie.

Ila kama ni Ubuntu Server, kabla hujagusa chochote piga kwanza sudo vgs, inakuonyesha nafasi iliyobaki ndani ya LVM. Instola yake ukiikubalia LVM kama ilivyo haikupi diski yote! Diski ikiwa kati ya GB 20 na 200 root (sehemu kuu yenye mfumo wenyewe) inapewa kama nusu hivi, ikizidi 200 inaishia GB 100, kinachobaki kimekaa tu bila kazi kwenye volyumu grupu (ghala la nafasi la LVM). Yaani kuna watu wanalipia diski mpya wakati nusu ya ile ya zamani haijawahi kuguswa. Ukiona namba kubwa pale kwenye VFree (safu ya nafasi iliyo wazi), kazi yako ni mstari mmoja:

sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Hiyo -r inapanua na faili sistemu hapohapo, seva ikiwa inafanya kazi, hamna haja ya kurestati.

VFree ikiwa sifuri ndo sasa uongeze diski yenyewe, na namna inategemea programu inayoendesha VM yako. VirtualBox zima VM kabisa, siyo kuiseva ilivyo (save state), halafu VBoxManage modifymedium disk seva.vdi --resize 81920, na hiyo namba ni MB, kwa hiyo 81920 ni GB 80 ya jumla, siyo ya kuongezea. Kwenye KVM ni qemu-img resize seva.qcow2 +40G, nayo VM iwe imezimwa. Proxmox ina raha yake, qm resize 101 scsi0 +40G (101 ni namba ya VM, scsi0 ni diski yake) inapita mashine ikiwa hewani.

Snapshoti (picha za hali ya VM ulizohifadhi ili uweze kurudi nyuma) ndo zinasumbua hapa. VirtualBox ukipanua diski mama wakati VM inatumia snapshoti juu yake, VM itaendelea kuona saizi ya zamani, na VMware yenyewe inakukatalia kabisa mpaka uzifute. Zifute basi, ila chukua bakapu ya kweli kwanza, kwa sababu snapshoti inakaa kwenye storeji ileile na diski ikifa vinaondoka vyote.

Ukishawasha ingia ndani upige lsblk, inaorodhesha diski na patisheni zake. Ukiona sda ni 80G na sda3 bado 38G uko sehemu sahihi, endelea na sudo growpart /dev/sda 3 (kuna nafasi kati ya sda na 3, wengi wanaiunganisha afu wanalalamika), kisha sudo pvresize /dev/sda3, kisha ule mstari wa lvextend wa pale juu. Kama hutumii LVM, baada ya growpart unamaliza na resize2fs kwa ext4 au xfs_growfs / kwa XFS, kutegemea aina ya faili sistemu yako. XFS kumbuka haipunguziki, inapanda tu, kwa hiyo usiipe yote kwa mkupuo kama hujui kesho utataka nini.

Sasa ikiwa diski imejaa asilimia 100, growpart inagoma, maana inataka kuandika kafaili kadogo kwenye /tmp na nafasi hamna. Mpe /tmp ya kwenye RAM: sudo mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp, rudia growpart, ukimaliza sudo umount /tmp.

Wa Windows nyie shida yenu ni nyingine. Ukifungua Disk Management unakuta Extend Volume imefifia haibonyezeki, na sababu mara nyingi ni patisheni ya rikavari (ya kuokolea Windows ikiharibika) iliyokaa katikati ya C: na nafasi mpya, na Windows inapanua kuelekea nafasi iliyogusana nayo tu. Ama uisogeze mwisho kwa GParted ukibuti kutoka ISO, ama upige reagentc /disable kwanza ndo uifute kwa diskpart.