Je, wajua kwa nini maji yanapandishwa mlimani usiku ili yashushwe mchana?

Umeme wa gridi haukai kwenye nyaya ukikusubiri uwashe swichi, ukizalishwa unatakiwa utumike papo hapo. Sasa usiku watu wamelala na mitambo inazunguka, umeme ule unaenda wapi?

Kule Wales, Uingereza, wameutafutia mlima. Kituo kinaitwa Dinorwig, kilifunguliwa 1984 na kimechimbwa ndani ya tumbo la mlima Elidir Fawr. Usiku umeme ukiwa bei chini wanapampu maji kutoka ziwa la chini hadi la juu, mita kama 500, afu jioni watu wakiwasha mabirika ya chai kwa mpigo maji yanaachiwa, na mashine zilezile zilizokuwa pampu zinageuka jenereta. Zikiwa zimeshazungushwa tayari zinafika megawati 1,320 ndani ya sekunde kama 12, aisee!

Sasa cheki hesabu. Chukua tanki la lita 1,000 kama lile la juu ya paa, lipandishe hizo mita 500, humo unapata yuniti 1.3 tu, yaani birika la wati 2,000 linazimaliza kwa dakika arobaini hivi. Betri ya lithiamu ya yuniti hizohizo ni kilo kama 10, unaibeba kwapani.

Mbona basi wasihamie betri wote? Kwa sababu maji hayachakai na ziwa ni kubwa. Dinorwig inabeba megawati-saa kama 9,000 (megawati-saa moja ni yuniti 1,000), wakati betri ya Hornsdale kule Australia ilipowashwa 2017 ilikuwa na 129. Ila betri nayo ina yake: inaitika chini ya sekunde moja, inapoteza kidogo (maji unapandisha kwa yuniti nne unarudishiwa kama tatu), haidai mlima, na ile ya Hornsdale ilisimama chini ya siku 100 tangu mkataba. Kwa hiyo mimi naona betri ni ya kuzuia gridi isianguke ghafla, maji ni ya kuvusha masaa.

Wajerumani wa Huntorf wao tangu 1978 wanahifadhi umeme kwa kushindilia hewa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi, lakini kuitoa lazima wachome gesi, hapo wananipoteza.

Kinachoniuma ni Olkaria, Kenya, wanakozalisha umeme kwa mvuke wa moto kutoka ardhini. Usiku mahitaji yakishuka, mvuke wa visima unaachiwa hewani, mvuke ambao ungekuwa unapandisha maji mahali hadi saa moja jioni watu wakianza kupika.