Hiace ya Kulala: Kagua Kabla Plaiwudi Haijafunika

Kwenye karakana ya chuo chetu cha ufundi hapa Tanga tumeanza kuletewa Hiace zilizong'olewa viti vya abiria, zikawekwa kitanda, kabati na jiko. Wenyewe wanataka kwenda nazo Pangani au kupanda Lushoto bila kuhangaika na nyumba za wageni. Ni kazi nzuri, na maseremala wetu wanaiweza. Lakini seremala akishapiga plaiwudi, kosa lolote la umeme linabaki nyuma yake, na watu wanalala hapohapo.

Gari moja lililetwa kwa sababu taa za ndani zilikuwa zinafifia. Tulipobandua ubao wa pembeni tukakuta waya mwekundu umepitishwa kwenye tundu la bati bila raba. Ukingo wa bati ulikuwa umekula ganda, shaba iko nje, na sponji iliyokuwa jirani imeungua doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Waya huo ulitoka kwenye betri moja kwa moja, bila fyuzi. Mwenye gari alikuwa ameshalala humo na watoto wake.

Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Kwa hiyo ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na ukubwa wake ufuate unene wa waya. Hesabu ni nyepesi: gawanya wati kwa volti. Friji ndogo ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 5. Birika la umeme la wati 1,500 kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, linavuta zaidi ya ampea 125, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo unawaka. Birika liache nyumbani.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani. Inatambaa sakafuni na kutuama chini ya kitanda, ikingoja cheche. Mtungi ukae kwenye kisanduku kilichozibwa vizuri upande wa ndani, chenye tundu chini linalotoa nje ya gari, mbali na ekzosi. Kila ukiunganisha mpira, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Na mkaa, ndugu zangu. Usiku wa Julai kule Lushoto baridi inauma, na mtu wa pwani hutamani kuingiza jiko ndani. Mkaa ukiwaka kwenye gari lililofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huioni wala huinusi. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unazidi, na huamki tena. Beba blanketi la pili.

Kitanda na kabati vifungwe kwa bolti zenye washa pana. Skrubu ya mbao kwenye bati jembamba haishiki chochote gari likigonga. Mninga ni mzuri ila ni mzito, msaiprasi unatosha. Maji lita 100 ni kilo 100, na breki zitaubeba uzito huo kona baada ya kona ukishuka kwenda Mombo. Gari likitembea, kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda.

Sisi wa pwani tuna chumvi pia. Kwangua kutu yote ya sakafuni na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ubao haujalazwa.

Kampuni ya bima iarifiwe, na kadi ya gari ipelekwe TRA kama idadi ya viti imebadilika.

Mwisho, lala kitandani usiku, zima taa, kisha jaribu kufungua mlango wa nyuma kutokea ndani. Ukiona hauna kitasa upande huo, au kabati limeziba mlango wa pembeni, rudisha gari kwa fundi kabla ya safari. Moto ukitokea, toeni watu kwanza, halafu pigeni zimamoto, 114.