Hiyo DPI 300 mnayoidai ni ya nini hasa?

Nimeletewa tena faili la kuchapa bana, lile bango la kutundikwa, mita 3 kwa 2, la duka linalofunguliwa, na ujumbe uliokuja nalo umeandikwa kwa kujiamini kabisa: "Picha ni DPI 300, ubora uko juu." Nikalifungua. Picha ina pikseli, zile chembe za rangi zinazoijenga, 1,200 kwa upana. Hizo pikseli 1,200 zikitandazwa kwenye mita 3, kila moja inakuwa mraba wa milimita 2.5, ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Jicho la yule dada anayetabasamu kwenye picha lina pikseli kama 30 kutoka kona hadi kona, kwa hiyo kwenye bana litakuwa na sentimita 7.5, na ndani yake ngazi tupu, viboksi vimepangana, kope hakuna. Na kweli, ukifungua dirisha la ukubwa wa picha kwenye programu, imeandikwa 300. Aliyeituma hakudanganya. Ameambiwa 300, akaandika 300, akatuma.

Hili nimelisikia mara nyingi mno, kwa wateja, kwa wadizaini, hata kwa watu wanaokaa na mashine siku nzima, kwa hiyo ngoja nilieleze hapa mara moja.

DPI, kifupi cha Kiingereza dots per inch, ni idadi ya nukta za wino ambazo mashine inaweza kuweka ndani ya inchi moja, na inchi ni sentimita 2.54. Basi, maana yake ndo hiyo, haina zaidi. Kile ambacho watu wengi wanakizungumzia wakisema DPI ni kitu kingine, ni PPI, pixels per inch, yaani pikseli ngapi za picha zinaangukia ndani ya inchi moja ya karatasi au vinili, ile plastiki ya kuchapia bana. Mtu atasema tofauti ni herufi moja tu, unasumbuka nini. Nasumbuka kwa sababu nukta na pikseli ni vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo, na sisi tunaozungumza Kiswahili ndo tulipaswa kuliona hilo mapema kuliko wengine.

Liangalie neno lenyewe. Nukta tumeitoa kwenye Kiarabu, na kwa mtu aliyepita madrasa hata kidogo haihitaji kuelezwa. Herufi be, te na the mwili wake ni mmoja, kile kile kibakuli, kinachozitenganisha ni nukta: moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi kabla hizi za kirumi hazijashika, na mwandishi akisahau nukta moja tu neno zima linageuka lingine. Baadaye nukta ikawa kituo cha mwisho wa sentensi, ikawa mpaka kipande kidogo cha muda, lakini chimbuko lake ni lile lile, ncha ya kalamu imegusa karatasi, imeinuka, wino umebaki. Nukta ni wino. Ikiwa bado mbichi unaweza kuichafua kwa kidole.

Sasa pikseli haina wino. Neno lenyewe limeungwa kwa vipande viwili vya Kiingereza, kimoja cha picha na kingine cha kiini au chembe, na lilichapishwa 1965 na Fred Billingsley wa maabara ya JPL kule Marekani, watu waliokuwa wanashughulika na picha zilizotumwa na vyombo vya angani kutoka Mwezini na Mirihi. Picha zile zilikuja duniani kama namba. Ndivyo pikseli ilivyo mpaka leo, ni namba zinazosema hapa rangi ni hii, hapa rangi ni ile. Haina upana, haina sentimita, haina inchi. Pikseli 1,200 ukiziweka kwenye kadi ya sentimita 10 picha inakuwa kali kama wembe, ukiziweka kwenye bana ya mita 3 inapasuka, na ni pikseli zile zile, hakuna iliyoongezeka wala iliyokufa.

Ukitaka kuuona utengano huo kwa macho yako, chukua ile lenzi ndogo ya kukuza mara 10, iweke juu ya shavu la mtu kwenye stika iliyotoka mashineni, fumba jicho moja, inama. Ile kahawia laini uliyokuwa unaiona inayeyuka. Unaona vitone vya njano, vya majenta (wekundu wa waridi), vya sayani (bluu ya kukaribia kijani), vyeusi vichache, vimetawanyika kama mchanga uliorushwa sakafuni, na katikati yake weupe wa vinili unachungulia. Hakuna tone la kahawia hata moja pale, kwenye mashine ya rangi nne wino wa kahawia haumo kabisa. Kahawia inatengenezwa na jicho lako ukisimama mbali. Hivyo vitone ndo nukta, ndo DPI yenyewe, na ili mashine ipate rangi ya pikseli moja tu ya picha yako inabidi inyunyize vitone kadhaa pale mahali, vingine viguse, vingine vikae peke yake. Ndo maana mashine inaandikwa 720 kwa 1,440 na wala haina maana kwamba inakudai picha ya 1,440. Inakuambia jinsi inavyoweza kunyunyiza kwa ulaini. Hiyo ni sifa ya mashine. Faili lako halihusiki nayo.

Kwa hiyo faili haliwezi kuwa na DPI? Kwa maana halisi ya neno, haliwezi, kwa sababu faili halina wino.

Haya, sasa 300 ilitoka wapi maana haikushuka mbinguni. Ilitoka kwenye ofseti, yaani uchapaji wa kutumia mabamba, kwenye magazeti na majarida. Bamba la ofseti haliwezi kuweka nusu wino, pale mahali wino upo au haupo, kwa hiyo ili picha ipate kivuli ikabidi ikatwe katwe kuwa nukta zilizopangwa kwa mistari kama wavu, nukta kubwa penye giza, nukta ndogo penye mwanga. Ujanja huo ni wa zamani, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa njia hiyo tarehe 4 Machi 1880, na mpaka sasa jarida lolote ukiliwekea lenzi utaukuta ule wavu. Majarida mazuri yanatumia mistari 133 au 150 kwa inchi, na mafundi wakazoea kwamba ili wavu usipoteze kitu, picha iwe na pikseli mara mbili ya mistari. Mia na hamsini mara mbili, hiyo hapo 300. Ni hesabu ya jarida linaloshikwa mkononi, la wavu wa 150, basi. Mtu akaitoa kwenye jarida, akaipeleka kwenye vipeperushi, ikatoka kwenye vipeperushi ikaja kwenye bana, na sasa hivi inadaiwa mpaka kwenye mabango ya barabarani.

Ile 72 nayo inayosemwa ndo ya intaneti ina hadithi yake. Pointi ya uchapaji, ile unayopimia ukubwa wa herufi, ni sehemu moja ya 72 ya inchi, na kompyuta ya Macintosh ya 1984 ilikuwa na kioo cha pikseli 72 kwa inchi makusudi, ili pointi moja iwe pikseli moja na unachokiona kwenye kioo kilingane na kitakachotoka kwenye karatasi. Ilikuwa fikra nzuri sana. Lakini vioo vya leo havina habari na 72, na kivinjari hata hakiisomi hiyo namba, kinahesabu pikseli tu. Imebaki mdomoni.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kiboksi cha kuandika namba. Unafungua picha ya pikseli 1,200, unafuta 72 unaandika 300. Hapo yanatokea mambo mawili kutegemea umeweka tiki wapi. Kama programu haijaruhusiwa kubadili pikseli, inachofanya ni kukuambia basi picha yako sasa ni sentimita 10 kwa upana, maana 1,200 gawanya kwa 300 ni inchi 4. Hiyo ni kweli na haina madhara. Lakini kama imeruhusiwa, inaanza kutunga. Inaangalia pikseli mbili zilizokaa jirani, inabuni nyingine katikati yake, za kufananishia, na faili linavimba, unaona megabaiti zinapanda unasema ahaa ubora umeongezeka. Kope ambazo kamera haikuzipiga haziwezi kurudi kwa kuandika namba. Unachopata ni ukungu badala ya viboksi.

Na upande wa pili kuna wanaoitii 300 kikweli kweli, wanadizaini bana ya mita 3 kwa 2 kwa 300 kamili. Piga hesabu uone: pikseli 35,433 kwa 23,622, karibu milioni 837, na kwa rangi nne hilo faili likifunguliwa linakula zaidi ya gigabaiti 3 za kumbukumbu. Kompyuta inakwama, programu inajifunga, mtu kapoteza usiku mzima, kisha bana inaning'inizwa juu ya mlango ambako hakuna atakayeiona kwa karibu zaidi ya mita 3.

Maana hapo ndo kwenye kiini cha jambo, na mahali pake ni jichoni, mashine haina neno. Jicho zima la kawaida linatenganisha vitu viwili vikiwa mbali kimoja na kingine kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Kitu ukikishika sentimita 30 kutoka usoni, hiyo pembe ni kama milimita 0.09, sawa na pikseli 290 kwa inchi, unaona sasa ile 300 na jarida vilivyokutana. Rudi nyuma mpaka mita 1, inatosha 87. Mita 3, inatosha 29. Bango la juu kabisa barabarani ambalo wa karibu yuko mita 20, hesabu inakupa 4 na kitu, ndo maana ukipanda pale juu ukasimama mbele yake unaona madoa tu, unajiuliza huu uso uko wapi. Ukishuka chini unauona.

Kwa kweli sipendi kubana mpaka mwisho wa hesabu, kwa sababu kwenye maonyesho watu hawasimami pale ulipowachorea. Rolapu, lile bango la kusimama linalokunjwa, ya sentimita 85 kwa 200 imewekwa pembeni mwa meza, mtu anaisogelea asome maandishi madogo, kwa hiyo hiyo mimi naitaka pikseli 100 mpaka 150 kwa inchi. Ukuta wa kitambaa wa nyuma ya banda hauna haja ya yote hayo, kitambaa chenyewe kinanyonya wino na kuutawanya kidogo. Bana ya mlangoni 72 inatosha kabisa. Na stika ya kubandika kwenye kaunta, pale mteja anaposubiri akiwa ameegemea, hiyo ndo inastahili 300 yenu, ipewe bila ubahili.

Maandishi na nembo yapeni vekta, maana vekta ni maelezo ya mistari na mikunjo, haina pikseli, ukiivuta mpaka ukubwa wa nyumba kingo zinabaki zimenyooka. Mtu akikuomba nembo ya vekta yenye DPI 300 amekuomba kamba yenye kilo ngapi za urefu.

Kuna waliojaribu kulifasiri lile neno la Kiingereza resolution, yaani sifa ya picha kuwa na pikseli nyingi au chache, kwa neno azimio. Azimio ni la mkutano, watu wamekaa wakakubaliana. Mimi nasema tu wingi wa pikseli, na kila ninayemwambia ananielewa palepale, hata ambaye hajawahi kugusa programu ya kudizaini.

Kwa hiyo ukimwomba mtu picha ya bana, badala ya kumwambia niletee ya DPI 300, mwambie bana ni mita 3 kwa 2, watu watasimama kama mita 3 hivi, nipe picha yenye pikseli 7,000 au 8,000 kwa upana, ile ya asili kutoka kwenye kamera, na kama lazima ipite WhatsApp basi itume kama dokumenti. Na yule aliyeniletea ya pikseli 1,200 sikumgombeza, nilimwonyesha ile hesabu ya milimita 2.5, nikamchorea kiboksi kimoja kwa kalamu kwenye kipande cha vinili ili aone pikseli yake itakavyokuwa. Alikiangalia, akasema aliyepiga picha bado anayo kwenye kamera. Jioni ikaja, pikseli 6,000 kwa upana, na ile namba ya kwenye kiboksi ilikuwa imeandikwa 72.