Kokoto za reli ya mfano: dasti ya mjengo inatosha, ukiichekecha vizuri

Anayekuja kuiona reli yangu ya mfano huanza kwa kuinamia treni, halafu kidole chake kinateremka hadi kwenye kokoto. "Hizi uliagiza wapi?" Sikuagiza. Zilitoka kwenye rundo la dasti, yaani chembe na vumbi la mawe yaliyosagwa, lililobaki kwenye mjengo wa mtaa wa pili, hapa hapa Nairobi.

Naliandika hili kwa sababu nimewaona vijana kadhaa wakianza kwa moyo, wakanunua injini, wakapigilia reli kwenye ubao, kisha wakakwama hapo. Pakiti ya kokoto za mfano kutoka Ulaya, ukiongeza nauli na ushuru, inakuwa ghali kupita kiasi, nao hawajui kwamba jiwe lenyewe wanalikanyaga kila siku. Reli isiyo na kokoto hubaki kuwa kichezeo, hata injini iliyo juu yake iwe nzuri namna gani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Mimi hufanya kazi kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na ninachounda ni ile njia ya zamani ya geji (nafasi kati ya reli mbili) ya mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, ndiyo maana hutumia reli za mfano za milimita 12. Anayeunda SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, atahitaji za milimita 16.5, kwa kuwa geji yake ni milimita 1,435. Sasa gawa kokoto vivyo hivyo. Jiwe la reli halisi huwa na upana wa milimita 30 hadi 60 hivi. Kwa 1:87 hiyo ni punje ya kati ya milimita 0.35 na 0.7. Kwa kipimo kidogo cha 1:160 ni nusu ya hapo, karibu unga.

Punje ya milimita mbili machoni pako ni mchanga tu. Iweke kando ya treni ya 1:87 na inakuwa jiwe la sentimita 17, yaani jiwe la figa. Hakuna reli duniani iliyolazwa juu ya mafiga. Kama huna uhakika, chagua punje ndogo: ndogo kupita kiasi jicho huisamehe, kubwa haliisamehi kamwe.

Baada ya ukubwa, umbo. Kokoto halisi hupasuliwa makusudi ili ziwe na pembe. Pembe hizo hushikana, mataruma (zile nguzo zinazolala chini ya reli) yakatulia mahali pake treni inapopita, na maji ya mvua yakapenya chini. Mchanga wa mtoni umesuguliwa na maji hadi ukawa mviringo, na hata ukiwa mdogo kiasi gani huonekana mchanga. Ule mweupe wa pwani, kama wa Diani, ni vipande vya matumbawe na makombe. Una chumvi inayokula chuma cha reli, na rangi yake haifanani na tuta lolote la reli ninalolijua. Niliwahi kujaribu makapi ya kahawa, rangi ilikuwa nzuri ajabu, lakini msimu wa baridi wa Julai ulipofika yakaota ukungu mweupe mita nzima. Suji iliyotiwa rangi ilidumu wiki moja, sisimizi wakaigundua. Tangu hapo sitii chakula kwenye reli.

Ndipo nikarudi kwenye dasti, yaani yale mabaki ya mashine za kusaga kokoto kwenye machimbo kama ya Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi. Mawe mengi ya huku ni fonolaiti, mwamba wa volkano wa kijivu kilichokolea, na dasti yake ina pembe zile zile za kokoto kubwa, kwa sababu imepasuliwa na mashine ile ile. Nilipomwomba kijana wa mjengo ndoo moja, alinitazama vizuri kwanza. "Mzee, unataka kujenga nini na ndoo moja?" Nikamwambia, reli. Akanijazia, akakataa pesa.

Kazi iko kwenye kuchekecha. Kwanza funga pua na mdomo, tena barabara, na uifanyie nje, maana vumbi la mawe likiingia mapafuni halitoki. Mimi hupitisha dasti kwenye wavu wa mbu wa dirishani ili kuondoa vipande vikubwa, kisha kwenye chujio la chai lenye matundu madogo. Kilichopita kwenye chujio nakipitisha kwenye stokingi kuukuu iliyovutwa juu ya mdomo wa mkebe. Vumbi linashuka mkebeni, na kinachobaki juu ya stokingi ndicho ninachokitafuta. Machujio hayafanani, kwa hiyo panga punje kumi kwa mstari kando ya rula: zikichukua milimita tano au sita, umefika. Ndoo nzima inaweza kukupa mkebe mmoja au miwili tu ya kokoto safi. Isikuvunje moyo, kwa sababu mita moja ya reli hula kama nusu kikombe cha chai. Lile vumbi la mwisho usilimwage, litakufaa kuwa barabara ya vumbi kando ya stesheni.

Osha hadi maji yatoke safi, anika, kisha kaanga kwenye sufuria isiyopikiwa tena, ukikoroga kama unayekaanga njugu, ili mbegu na wadudu wafe. Zikipoa, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Hatua hii watu huiruka. Punje chache za chuma hunasa daima, na zikiachwa zitarukia sumaku iliyo ndani ya mota ya injini, na mota itaharibika.

Kabla ya kumwaga chochote hakikisha umeme unapita kila mahali na reli umeshazipaka rangi ya kutu, maana baadaye hutapafikia. Mwaga kidogo kidogo kwa kijiko, sambaza kwa brashi laini, na hakikisha hakuna punje iliyolala juu ya mataruma. Hapo usiharakishe.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao: sehemu moja kwa mbili za maji, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Ukiidondosha juu ya kokoto kavu utaona tone likijikunja, likaviringika na kubeba punje mgongoni kama tone la mvua kwenye jani la myugwa, likaacha shimo nyuma yake. Dawa yake ni kulowesha kwanza. Nyunyiza maji yaliyochanganywa na spiriti, umande mwembamba tu, hadi rangi ya kokoto ikolee. Kisha dondosha gundi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, katikati ya mataruma. Safari hii tone halijikunji, linazama papo hapo. Acha usiku kucha. Pale reli zinapogawanyika usidondoshe kabisa. Bandika punje chache kwa kibano, na uzisogeze reli za swichi, yaani zile zinazoigeuza njia, kila baada ya dakika chache hadi gundi ikauke.

Rangi itakolea kidogo baada ya gundi, basi jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Na kabla ya kuamua, nenda ukaitazame njia yenyewe. Injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, kama ile iitwayo Mount Gelai iliyopo Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo katikati ya reli zao mimi hupaka mstari mweusi hafifu, na pembeni naacha wekundu wa udongo upande kidogo. SGR ni kijivu kitupu na mataruma ya saruji, hiyo haihitaji kazi kubwa.

Chekecha zote unazozihitaji kutoka ndoo moja, na ubakize mkebe mmoja wa kufanyia matengenezo, ukiuandikia tarehe na mahali ulipotoa dasti. Rundo la mjengo ule halipo tena, na dasti niliyoipata baadaye kwingine ina ukijani ambao hadi leo unaonekana pale nilipoziba pengo, mita moja kutoka stesheni.