Alfa Romeo Montreal: ni gari kali kweli au tunasifia sura tu? Dhana potofu na ukweli

Ferrari na Lamborghini hazina mjadala, kila mtu anazijua hata kama hajawahi kuziona kwa macho, ila ukileta picha ya Alfa Romeo Montreal, gari ya Italia ya miaka ya sabini, watu wanagawanyika hapo hapo, nusu wanasema huyu mnyama, nusu wanasema aah hiyo si Giulia tu, ile Alfa ya kawaida, kapakwa rangi ya chungwa. Na kinachonichosha ni kwamba pande zote mbili zinabishana kwa vitu ambavyo sio vya kweli. Anayeisifia anaisifia kwa sababu ambayo haipo, anayeiponda naye anaponda kitu ambacho gari haikuwahi kudai. Mimi niko upande wa wanaosema ni kali, nasema mapema ili msije mkaniuliza huko mbele, ila ukali wake haupo pale watu wanapoelekeza kidole.

Dhana: injini iko nyuma ya dereva

Hii ndo inayoongoza. Ukiitazama ubavuni, nyuma tu ya mlango, kuna matundu yamepangwa kwenda juu, na mtu akiyaona anajua moja kwa moja kwamba kuna injini inapumulia pale. Alafu mchoraji mwenyewe ni Marcello Gandini, alikuwa Bertone wakati huo, kampuni ya Italia ya kuchora na kutengeneza bodi, na mwaka mmoja kabla Montreal haijaonyeshwa, 1966, Lamborghini Miura ndo ilikuwa imetoka mkononi mwake na ile kweli injini iko mgongoni kwa dereva, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi.

Ukweli ni kwamba injini ya Montreal iko mbele kama ya gari nyingine yoyote ya kawaida, unafungua boneti unaikuta, na yale matundu kazi yake ni hewa ya ndani kwa abiria. Na tukiwa hapo hapo kwenye boneti, lile tundu la pembe tatu juu yake ambalo linafanana na la kuingizia hewa kwenye gari za mbio halipitishi kitu, limezibwa, liko pale kuficha uvimbe wa boneti kwa sababu injini iliyofungwa mwishoni ni kubwa kuliko ile iliyokuwa kwenye dizaini ya kwanza. Kuna watu wakijua hilo wanashuka moyo kabisa, wanasema basi gari feki. Mimi naona kinyume, jamaa walipata tatizo la urefu wa injini wakalitatua bila kuharibu uso wa gari, kwangu hiyo ni akili.

Na zile taa za mbele hazinyanyuki, hilo nalo lirekebishwe. Taa zimetulia palepale, kinachosogea ni kope, zile fito zilizozifunika kwa juu, ukiwasha taa kope zinarudi zenyewe kwa nguvu ya vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa. Mpira wa vakyumu ukichoka kope moja inagoma, gari inabaki inakonyeza.

Dhana: Alfa waliita Montreal kwa sababu ya soko la Kanada

Mwaka 1967 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, Expo 67, mji wa Montreal, na Alfa waliombwa walete gari itakayoonyesha kile ambacho binadamu anakitamani kuliko vyote kwenye magari. Maneno makubwa hayo. Wakapeleka gari mbili nyeupe zenye bodi ya Bertone, na hapa ndo patamu, kwa sababu ndani yake hakukuwa na V8, injini ya silinda nane, wala nini, kulikuwa na injini ya Giulia ya lita 1.6, ile ya silinda nne. Yaani kile binadamu anachokitamani kuliko vyote kilikuwa na injini ya gari ya kwenda nayo kazini. Gari zile hazikupewa jina lolote, watu waliokuwa wanazitazama ndo wakaanza kusema ile ya Montreal, ile ya Montreal, basi likaganda.

Ilipoanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, baada ya kuonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1970 sasa ikiwa na V8, Alfa hawakuiandaa ipite sheria za moshi za Marekani na Kanada. Kwa hiyo gari iliyopewa jina la mji wa Montreal haikuuzwa Montreal.

Dhana: ni injini ya mbio imewekwa namba za barabarani

Hapa nakaa kidogo maana wanaoisifia wanapenda sana hii, utasikia mtu anasema ile ni injini ya Tipo 33 imepunguzwa makali tu. Undugu upo, sibishi. Tipo 33 ilikuwa gari ya mbio ya Autodelta, kitengo cha mbio cha Alfa chini ya Carlo Chiti, na kulikuwa na ya barabarani pia, 33 Stradale, zilitengenezwa 18 tu, V8 ya cc 1,995 inayozunguka mpaka karibu mizunguko elfu kumi kwa dakika. Ile ndo injini ya mbio.

Ya Montreal walichukua wazo lile lile la V8 ndogo ya aluminiamu, shafti nne za vali, na oili inayokaa kwenye tanki lake pembeni badala ya kukaa kwenye sampu chini ya injini, alafu wakaifanya ya kuishi nayo. Ikapanuliwa mpaka cc 2,593, pistoni za milimita 80, mwendo wa pistoni milimita 64.5. Na krenki ikabadilishwa kabisa, ya mbio ilikuwa bapa, pini zake zote kwenye mstari mmoja, ambayo inapanda haraka na kulia kwa ukali lakini inatetemesha gari, ya Montreal pini zimekaa msalaba kama V8 nyingine za barabarani, ndo maana mlio wake ni mzito na wa upole kuliko watu wanavyotegemea. Inatoa hospawa 200 kwenye mizunguko 6,500. Kwa lita 2.6 ya mwaka 1970 hiyo ni pawa nzuri sana, na inapatikana bila kuikamua mpaka mwisho, unaenda nayo taratibu mjini haikasiriki.

Kwa hiyo ukisema ni injini ya mbio umeipunguzia sifa. Kutengeneza injini inayopiga kelele elfu kumi kwa mashindano ya saa chache ni kazi, sikatai, ila kuchukua wazo hilo ukalifanya liwake asubuhi ya baridi, likae foleni, alafu likupeleke kilomita mia tano bila kukuchosha masikio, mimi naona hiyo ndo kazi yenyewe ya gari ya GT, gari ya safari ndefu kwa kasi. Hii sehemu watu hawaijadili kwa sababu haionekani kwenye picha.

Dhana: chini ni Giulia tu

Hii sio uongo mtupu. Sakafu na miguu inatoka kweli kwenye familia ya Giulia GTV, nyuma kuna eksele moja ya kipande kizima na spring za koili, na hapo ndo udhaifu wa gari ulipo kama unataka kujua. V8 imekaa mbele juu ya miguu iliyobuniwa kwa injini ya silinda nne, ukiingia kona kwa kasi gari inalala na pua inataka kwenda moja kwa moja. Anayekwambia inashika kona kama Porsche 911 hajawahi kuwa makini.

Ila waliosema "Giulia tu" wanaruka vingine vyote. Giaboksi ni ZF ya gia tano, ile ambayo gia ya kwanza iko kushoto chini ili ya pili na ya tatu zinyooke, difu ina loki yake ya kuzuia tairi moja kuzunguka bure, breki ni diski zenye matundu ya kupozea miguu yote minne, na hizo mwaka 1970 hazikuwa kitu cha kila gari. Uzito kama kilo 1,270, mwendo wa mwisho karibu kilomita 220 kwa saa. Kwa barabara iliyonyooka gari hii ilikuwa inaenda na wakubwa.

Dhana: ile pampu ya SPICA ni balaa, ng'oa weka kabureta

Ushauri huu umeua gari nyingi kuliko pampu yenyewe. SPICA ni mfumo wa kimakanika wa kupuliza petroli, hakuna kompyuta, na fundi anayeuelewa haraka kuliko wote sio fundi wa petroli, ni fundi wa pampu za dizeli, kwa sababu ndani ni vitu anavyovijua, vipistoni vidogo vinavyosukuma mafuta, kimoja kwa kila silinda, na kam yenye umbo la ajabu inayosoma umekanyaga kiasi gani na injini inazunguka kasi gani. Ikisetiwa ikasetika inakaa miaka.

Kinachoiua ni gari kusimama. Petroli inaoza kwenye tanki, kutu inaingia kwenye mafuta, filta haibadilishwi, oili nayo haibadilishwi wakati pampu inalainishwa na oili hiyo hiyo ya injini, alafu mtu anakuja kuiwasha baada ya miaka na kusema mfumo mbovu. Anayeichezea skrubu bila kujua ndo anamalizia. Ukiweka kabureta gari itatembea, ndio, ila umetoa kitu kilichoipa ile tabia ya kuitika popote ulipo kwenye mizunguko, na siku ya kuiuza mnunuzi ataanza kwa kuuliza pampu yake iko wapi.

Kingine wanachokosea ni oili. Kwa kuwa iko kwenye tanki la pembeni, ukiipima injini ikiwa ya baridi unaweza ukaona imepungua ukaongeza, ukaongeza, kumbe umejaza kupita kiasi. Inapimwa ikishapata moto.

Dhana: haikununuliwa kwa sababu ilikuwa gari mbaya

Zilitengenezwa kama 3,900 kati ya 1970 na 1977 na kwa kampuni kubwa kama Alfa hiyo ni kidogo, ndio. Ila angalia mambo yalivyokuwa. Bei yake Ulaya ilikuwa juu ya Jaguar E-Type na Porsche 911, sasa mwaka 1971 mtu ana hela hiyo mfukoni unamwambia anunue Alfa, atakuuliza kwa nini. Soko la Marekani, ambalo ndo lilikuwa linalisha gari za namna hii zote, wamelifunga wenyewe. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima na kila V8 ikageuka aibu. Na Alfa wenyewe, ambao walikuwa shirika la serikali ya Italia, akili na fedha vilikuwa kwenye Alfasud na kiwanda chake kipya kule Pomigliano d'Arco karibu na Naples, gari ndogo ya watu wengi, nani angekaa kuipigia debe GT ya matajiri?

Hata namna ilivyotengenezwa ilikuwa safari. Chasi inatoka Arese, kiwanda cha Alfa, inaenda kwa Bertone kule Caselle kuvishwa bodi, inapelekwa Grugliasco kupakwa rangi na kuwekwa ndani, alafu inarudishwa Arese kufungwa injini. Gari inazunguka kaskazini ya Italia kabla hata haijawashwa. Nyingi zilitoka ile miaka ya mwanzo, baadaye zikawa zinadondoka moja moja mpaka 1977.

Dhana: ni kali kwa sababu ni adimu

Hapana bwana. Lamborghini Islero ni 225, hiyo ndo adimu, na bado wengi hawaikumbuki. Iso Grifo ni mia nne na kidogo. Ukitaka mfano mzuri zaidi chukua Dino 246 ya Ferrari, miaka ile ile, nchi ile ile, na idadi yake ni zaidi ya 3,500, yaani ni karibu sawa na Montreal, ila bei zake leo haziko hata mtaa mmoja. Kwa hiyo idadi haielezi chochote, na wale wanaopima ukali wa gari kwa kuangalia mnada imeuzwa shilingi ngapi wanapima ukali wa jina la Ferrari.

Dhana: ni gari ya watu wanne

Siti za nyuma zipo, weka begi. Na utaziwekea begi kweli, kwa sababu kioo cha nyuma kinafunguka vizuri ila chini yake tairi la spea na tanki vimekula nafasi, buti imebaki ya kina kifupi. Kama GT hapo inapoteza maksi na sioni sababu ya kuitetea. Kwa mbele ni kitu kingine, yale mageji yamekusanywa kwenye duara mbili kubwa mbele ya dereva, spidi upande mmoja na mizunguko upande mwingine, na vidogo vyote vimebanwa humo humo.

Basi mkinibana nichague kati ya hii na 911 ya mwaka ule ule, jibu langu linategemea barabara. Unaniambia milimani, kona juu ya kona, nachukua 911 na siombi radhi. Unaniambia Milan mpaka Nice, wawili tu, mabegi siti ya nyuma, gia ya tano kuanzia unapotoka mjini, nipe Montreal, ikiwezekana ya chungwa, na pampu yake iwe bado ipo.