Maana ya "kompyuta haiwaki"

Asubuhi moja ya masika nilipigiwa simu na maalim wa skuli kule Wete, Pemba. "Kompyuta ya ofisini haiwaki, fundi, na matokeo ya watoto yote yamo humo." Nikamuuliza: "Maalim, ukibonyeza kitufe feni inazunguka?" Inazunguka. "Taa ya mbele?" Imewaka. "Na skrini?" Nyeusi tupu. Basi kompyuta yake ilikuwa inawaka. Ilichoshindwa ni jambo jengine, na jambo hilo lina jina lake.

"Haiwaki" ni neno tunalolibebesha kila kitu. Asiyeona taa hata moja analitumia, anayeona skrini nyeusi analitumia, na anayeona alama ya Windows ikizunguka bila kufika analitumia pia. Fundi akisikia neno hilo peke yake hajajua lolote. Anachotaka kujua ni imefika wapi kabla ya kukwama, kwa sababu kompyuta ya mezani haiwaki kama globu. Umeme huamsha madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, madabodi hujikagua, halafu hutafuta diski, na diski ndiyo inayoleta Windows. Safari yote hiyo huitwa kubuti. Asili ya neno ni taswira ya mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe: kompyuta iliyozimwa haina programu yoyote kwenye ramu (kibao cha kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme ukizimwa), nayo inahitaji programu ili iweze kupakia programu. Fundo hilo hufunguliwa na programu ndogo iliyomo ndani ya chipu ya madabodi, isiyofutika umeme ukizimwa. Mafundi wanaijua kwa jina la BIOS, na katika mashine mpya ni UEFI.

Kituo cha kwanza ni umeme. Hakuna feni, hakuna taa, hakuna mlio: hapo hitilafu iko kwenye soketi, waya, swichi ndogo ya nyuma ya kasha, au pawasapulai yenyewe. (Kasha hilo wengi tunaliita sipiyu. Sipiyu hasa ni prosesa, chipu moja tu iliyomo ndani yake.) Pawasapulai huchukua volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Zikishatulia hupeleka ishara kwa madabodi kwamba umeme uko sawa, na bila ya ishara hiyo prosesa haianzi kazi. Ndiyo maana utaona feni imezunguka mara moja kisha kimya.

Umeme unaofika Pemba tangu 2010 unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Tanga; kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Upite njia yoyote, ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, pawasapulai ndiyo inayopigwa mwanzo. Na kwa wanaonunua mashine zilizotumika: pawasapulai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa 115, na ukiichomeka kwenye soketi zetu hivyo hivyo utasikia mlipuko. Kiangalie kabla ya kuchomeka. Lakini pawasapulai usiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna kapasita zinazobaki na umeme wa kumdhuru mtu.

Kituo cha pili ndipo alipokwama Maalim, na ndipo wengi hukata tamaa wakadhani mashine imekufa. Umeme ukishatulia, BIOS haikimbilii Windows. Kwanza inapima: prosesa ipo? Ramu inasomeka? Kadi ya picha inajibu? Ukaguzi huu ndio POST, nao ulikuwemo tangu IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwaka 1981. Huchukua sekunde chache, na ukifaulu huoni chochote zaidi ya nembo ya mtengenezaji. Ukifeli mapema, mashine haina hata uwezo wa kukuandikia tatizo, maana picha yenyewe bado haijapatikana. Kwa hiyo hulia. Katika mashine nyingi mlio mmoja mfupi ni salama, na mlio unaojirudia ni malalamiko. Hesabu yake hutofautiana kwa mtengenezaji, basi ihesabu vizuri umwambie fundi. Nyengine hazina spika, hupepesa taa ya kitufe au taa ndogo za kwenye madabodi.

Visiwani kwetu, skrini nyeusi na feni inayozunguka hunifanya niishuku ramu kabla ya kitu chengine. Hewa ina chumvi na unyevu, na masika ofisi hufungwa madirisha siku nzima. Meno ya ramu yanashika utando mwembamba usiouona mpaka uyageuze kwenye mwanga. Nilimwelekeza Maalim kwa simu. Chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi, umeme uliobaki umalizike. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kwanza ili umeme wa mwilini usiiunguze chipu. Fungua vibanio vya ncha za ramu, itoe, usugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, mpaka yang'are. Pangusa vumbi la kifutio. Irudishe kwa upande uleule, kwani ina pengo moja linaloonesha inavyokaa, kisha uikandamize mpaka vibanio vilie "tak".

Vifutio havikosekani skuli. Baada ya robo saa nikasikia mlio mmoja mfupi ndani ya simu, na Maalim akasema "Alhamdulillahi" kabla sijamuuliza kitu.

Picha ikaja, lakini ikasimama kwenye maandishi yanayotaka abonyeze F1, na tarehe ya miaka ya nyuma kabisa. Hiyo ni betri ya madabodi, kidonge cha volti 3 kinachoitwa CR2032. Hulinda saa na mipangilio ya BIOS wakati waya umechomolewa. Ofisi yao huchomoa kila kitu jioni kwa kuhofia umeme, na wanafanya sawa, ila usiku kucha betri ndiyo inayobeba saa peke yake, kwa hiyo inakwisha mapema. Nikamwambia anunue nyengine akipita mjini Chake Chake. Akabonyeza F1, Windows ikafunguka, na jambo la kwanza alilofanya ni kunakili matokeo yote kwenye fleshi. Alifanya la maana.

Kituo cha tatu alikutana nacho kesho yake. "Haiwaki tena, fundi." Safari hii skrini ilikuwa na maandishi meupe yakisema hakuna mfumo wa kuwakia. Maneno hayo maana yake POST imefaulu, mashine ni nzima, ila BIOS imetafuta mahali pa kuipata Windows ikakosa. Huenda diski imekufa au waya wake umelegea. Lakini BIOS hutafuta kwa foleni, kifaa baada ya kifaa, na betri ilipokwisha foleni ile iliyopangwa ilifutika ikarudi ya kiwandani. Katika mashine ile, foleni ya kiwandani huanza na kilichochomekwa kwenye tundu la USB, na kikiwa hakina Windows hukwama hapo hapo.

"Maalim, ile fleshi ya jana umeitoa?"

Akanyamaza kidogo. Bado ilikuwa pale pale mbele ya kasha. Akaichomoa, akawasha mashine upya.